Edward Steere (1828–1882) na Maana za Maneno

Mtahiniwa, ukiulizwa ueleze mchango wa wamisionari katika kukuza Kiswahili, usiridhike kuandika jina la Steere na kuliacha hapo. Kila mwaka watahiniwa huandika kwamba Krapf na Steere waliandika kamusi, kisha wanakimbilia mwaka 1930. Jibu la namna hiyo hupata alama ya kutaja tu. Alama za kueleza zinabaki kwa msahihishaji. Sura hii inakupa maisha ya Edward Steere kwa kirefu kidogo, na inakupa pia jambo ambalo litakusaidia katika karatasi mbili kwa wakati mmoja, ile ya Kiswahili na ile ya Kiingereza: namna maana ya neno inavyohama, na kamusi inavyobaki nyuma.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Hakuanza kama mtu wa dini. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akahitimu shahada yake ya kwanza akiwa kijana mdogo, akaendelea na sheria hadi kupata udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Likumbuke hili la uanasheria, maana linaeleza mengi. Wakili hufundishwa kuuliza neno moja mara tatu: lina maana gani hapa, lilikuwa na maana gani wakati mkataba unaandikwa, na nani atapata hasara likieleweka vibaya. Steere aliiacha sheria mapema, akawa shemasi mwaka 1856, lakini tabia ile hakuiacha. Vilevile alijua kazi ya kupiga chapa, ujuzi ambao wasomi wengi wa wakati wake waliudharau.

Alitumikia parokia ndogo za mashambani Uingereza, na huko akafanya urafiki na kasisi jirani, William Tozer. Urafiki huo ndio uliomleta kwetu. Dr. Livingstone alikuwa amehutubia Cambridge mwaka 1857, na kutokana na hotuba hiyo ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, UMCA. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alifariki mwaka 1862 karibu na mto Shire, katika nchi tunayoiita Malawi leo. Tozer akateuliwa kushika nafasi yake, akamwomba Steere amsindikize kwa muda mfupi tu. Huo muda mfupi ulimfikisha kaburini Unguja miaka karibu ishirini baadaye. Tozer aliona bonde la Shire halikaliki kwa homa na vita, akaamua kuihamishia misheni Unguja. Walifika Agosti 1864, zama za Sultani Majid bin Said.

Kuanza na wavulana watano

Misheni ilianza na wavulana watano tu waliokamatwa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa Tozer na Sultani. Mmoja wao aliitwa John Swedi, na mwaka 1879 akawa shemasi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Steere hakuwa na kitabu cha kumfundishia Kiswahili kilichomtosha. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha sarufi fupi mwaka 1850, lakini hiyo ilikuwa ya Kimvita, na kamusi yake kubwa ilikuwa bado muswada. Ilichapishwa mwaka 1882, baada ya mwenyewe kufa. Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza: hufikiri kamusi ya Krapf ilitangulia kitabu cha Steere kwa sababu Krapf alitangulia kufika. Kufika ni 1844 na 1864. Kuchapishwa ni 1882 na 1870. Ziweke kichwani tarehe hizo nne.

Steere alifanya kazi ambayo wewe pia unaweza kuifanya kijijini kwako kwa daftari na kalamu. Aliketi na wenyeji, akauliza, akaandika walivyosema, kisha akawasomea alichoandika ili wamsahihishe. Mwaka 1870 akachapisha London vitabu viwili. Cha kwanza ni mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja, wenye sarufi, orodha za maneno ya Kiingereza na Kiswahili, na msamiati wa Kiswahili kwenda Kiingereza. Cha pili ni mkusanyiko wa hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Humo mna Sultani Darai, mna kisa cha punda wa dobi, na mna hadithi za sungura ambazo huenda wewe ulizisikia kwa bibi kabla hujajua kusoma. Wasimulizi wake wana majina, na ni haki uyajue mawili. Hamisi wa Kayi alimsimulia hadithi. Sheikh Muhammad bin Ali, mtu wa elimu, ndiye aliyempa nakala ya utenzi wa Liongo. Ukiandika insha juu ya Steere, wataje na hawa. Kitabu kilitoka kwa jina la mtu mmoja, lakini maneno yalitoka vinywani mwa wengi.

Kitu kingine alichokiweka ni tahajia. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na washairi wa Pemba, Mombasa na Lamu hawakuhitaji mtu wa London kuwafundisha kuandika. Steere alitumia herufi za Kilatini, konsonanti zisomwe kama za Kiingereza na irabu kama za Kiitaliano. Ndiyo maana leo unaandika “choo” kwa ch na “shoka” kwa sh, na irabu zako tano hazigeuki sauti ovyo kama za Kiingereza. Kwa upande mmoja ni urahisi. Kwa upande mwingine ni hasara, kwani wazee waliojua kusoma na kuandika kwa hati yao wakahesabiwa baadaye kuwa hawajui kusoma. Mtahini akikuuliza athari za kazi ya wamisionari, hii ni hoja nzuri ambayo wachache huikumbuka.

Maneno ya Kiingereza hayakusimama mahali pamoja

Sasa fikiri kazi aliyokuwa nayo. Upande mmoja wa ukurasa kuna neno la Kiingereza, upande wa pili nafasi tupu inayosubiri neno la Kiswahili. Mtu asiyejua lugha hudhani neno la Kiingereza ni jiwe lililokaa pale tangu zamani, na kazi ni kulitafutia mwenzake tu. Si kweli. Neno la Kiingereza nalo lilikuwa njiani likisafiri.

Chukua “meat”. Wewe umefundishwa kuwa ni nyama, na ni kweli. Zamani ilikuwa chakula chochote. “Deer”, ambaye leo ni paa au kulungu, alikuwa mnyama yeyote wa mwituni. “Girl” aliweza kuwa mtoto wa kiume au wa kike. “Nice”, neno mnalolipenda mno katika insha zenu za Kiingereza, lilianza na maana ya mjinga, kwa sababu linatokana na neno la Kilatini la asiyejua. “Silly” likaenda njia ya kinyume: lilikuwa mtu mwenye heri, leo ni mpumbavu. “Awful” lilikuwa kitu kinachotia hofu ya heshima, kama radi juu ya bahari, na leo ni kibaya tu.

Haya hayakuwa mchezo kwa mtu kama Steere. Biblia ya Kiingereza aliyokua nayo ilikuwa imetafsiriwa mwaka 1611, na kufikia karne ya 19 baadhi ya maneno yake yalikuwa yamegeuka. Humo “let” mahali pengine lina maana ya kuzuia, ilhali katika Kiingereza cha leo ni kuruhusu, yaani kinyume kabisa. “Prevent” humo ni kutangulia, leo ni kuzuia. “Quick” humo ni aliye hai, leo ni mwepesi. “Suffer” humo huweza kuwa kuruhusu, leo ni kuteseka. Mtu ambaye angetafsiri kwa Kiswahili kutoka Kiingereza hicho kwa maana za siku zake angeandika kinyume cha kilichosemwa. Steere, ambaye kabla ya kufa alikuwa amekamilisha tafsiri ya Agano Jipya, alirudi kwenye Kigiriki. Zingatia hatua hiyo hata kama dini yake si yako: ukiwa na shaka na tafsiri, rudi kwenye asili. Ni kanuni ya tafsiri inayokubalika katika majibu ya mtihani, na mifano niliyokupa inaithibitisha.

Tupo Pemba, kwa hiyo tuchukue na karafuu. Sisi tuliipata kutoka Kiarabu. Waingereza wanaiita “clove”, na neno hilo linatokana na Kifaransa chenye maana ya msumari. Ukitaka kujua kwa nini, chukua karafuu kavu moja kwenye jamvi uitazame: kichwa juu, mguu mwembamba chini. Mchumaji wa Mtambile na mfanyabiashara wa Paris walitazama kitu kimoja. Mmoja akapokea jina lililokuja na jahazi, mwingine akaona msumari.

Na skuli? Zanzibar tunasema skuli kutoka Kiingereza, Tanganyika wanasema shule kutoka Kijerumani, na yote mawili yanarudi kwenye neno moja la Kigiriki ambalo maana yake ya kwanza ilikuwa wakati wa mapumziko. Wagiriki waliona mtu asiyelazimika kufanya kazi ndiye mwenye nafasi ya kujifunza. Najua hutaamini ukiwa katika wiki ya mitihani ya majaribio. Hata cheo cha Steere mwenyewe kina safari yake: “bishop” la Waingereza na “askofu” letu lililopitia Kiarabu hayafanani hata herufi, lakini mzazi wao ni mmoja, neno la Kigiriki la msimamizi.

Soko la Mkunazini

Afya ilimrudisha Steere Uingereza mwaka 1868, na huko ndiko alikosimamia uchapaji wa vitabu vyake. Alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho mzalishaji mkuu wa karafuu. Vitabu vingi vya historia husimama hapo kwa furaha. Wewe endelea hatua moja: mashamba yaliyopanuka yalihitaji mikono, na mikono hiyo ililetwa kwa nguvu kutoka bara. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza uliokataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko. Majahazi ya magendo yaliendelea kuvuka usiku kuja Pemba. Mwezi Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa London aliuawa karibu na Pemba akijaribu kulikagua jahazi moja la namna hiyo. Hadhi ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897.

Siku ya Krismasi 1873, katika uwanja wa soko lililofungwa la Mkunazini, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Steere alifanywa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi mwenyewe kwa miaka. Paa la kuba alilitengeneza kwa mawe ya matumbawe na saruji, na watu wengi walitabiri litaanguka. Halijaanguka. Ukienda utaoneshwa nguzo ndogo karibu na mlango ambazo zimesimama kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza Steere akiwa safarini.

Sasa lirudie lile swali la wakili, nani atapata hasara neno likieleweka vibaya, na litazame neno “slave”. Katika kamusi utakuta “mtumwa”, na unaweza kudhani hadithi imekwisha. Lakini yaangalie yote mawili. Neno la Kiingereza linatokana na jina la taifa. Ni Waslavi, watu wa mashariki ya Ulaya, ambao zama za kati walitekwa na kuuzwa kwa wingi mpaka jina lao likawa jina la hali yao. Neno letu linatokana na kitenzi tuma kikiwa katika kauli ya kutendwa: anayetumwa. Kutoka mzizi huohuo tunapata mtume, na hakuna Mswahili anayechanganya mtume na mtumwa, ingawa tofauti yao iko katika viambishi vya mwisho tu. Ukipewa swali la mnyambuliko, huu ni mfano unaokaa kichwani.

Tena Kiswahili cha karne ya 19 hakikuwa na mtumwa tu. Kilikuwa na mjakazi kwa mwanamke, mzalia kwa aliyezaliwa pwani utumwani, mjoli kwa mtumwa mwenza, suria kwa mwanamke aliyewekwa na bwana wake, mateka kwa aliyekamatwa vitani. Kila neno lilibeba hali yake: nani anaweza kuuzwa, nani hauzwi, mtoto wa nani ni huru. Kamusi ya lugha mbili hulazimika kuyabana yote hayo kwenye neno moja la Kiingereza. Hapo ndipo maisha ya watu hupotea katikati ya safu mbili za ukurasa. Simlaumu Steere kwa hilo, maana aliandika mwongozo wa mgeni anayejifunza lugha. Namlaumu msomaji wa leo anayedhani safu ile ndiyo lugha nzima.

Tazama pia “muungwana”. Zamani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye asili katika mji. Leo ukimwita jirani muungwana unasifu tabia yake, haujali babu yake alikuwa nani. Kiingereza kimepita njia hiyohiyo kabisa. “Gentle” lilikuwa mtu wa ukoo bora, leo ni mpole. Na upande wa pili wa sarafu uko vilevile katika lugha zote mbili: “villain”, ambaye leo ni mwovu katika filamu, alikuwa mkulima maskini anayefanya kazi katika shamba la bwana, na “mshenzi” lilikuwa jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara kabla halijawa tusi la kila mahali. Waingereza hawakukutana na wapwani kuipanga njia hii. Wenye mali wakiwa ndio wanaosema, sifa njema hubandikwa jina lao na maovu hubandikwa jina la maskini. Ukiulizwa jinsi lugha inavyoakisi jamii, andika hili, kisha uweke mifano hii minne.

Kuna neno jingine ambalo wazee wetu walilijua vizuri: boi. Kwa Kiingereza cha shuleni “boy” ni mvulana. Lakini babu wa mtu aliyefanya kazi kwa Mzungu akiwa na miaka hamsini aliitwa boi, akapika na kufua kwa jina hilo. Wengi hufikiri ni ufedhuli wa wakoloni tu. Ufedhuli ulikuwapo, ila neno lenyewe katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mtumishi, na maana hiyo haikufa kabisa. Kiswahili kiliikopa na kuihifadhi. Hivyo ndivyo ukopaji unavyofanya mara nyingi: lugha inayokopa hubaki na umbo la siku ile ya mkopo. Waingereza wenyewe wameacha kusema “motor-car”, sisi tunayo motokaa. Redio kwao iliitwa “wireless”, nasi tukachukua wayalesi; leo neno hilo kwao ni la intaneti isiyo na waya.

Baada ya kitabu

Steere hakukaa Unguja tu. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu hadi Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, na mwaka uliofuata akawapeleka watu walioachiwa huru, wakaanzisha makazi Masasi. Alichapisha pia mikusanyiko midogo ya Kishambaa, Kinyamwezi, Kiyao na Kimakonde. Kazi hizo huchangia hoja moja tu katika mtihani, kwamba hakushughulikia Kiswahili peke yake, kwa hiyo tusikawie.

Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882 akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilojenga, juu ya ardhi iliyokuwa soko.

Mwongozo wake haukuzikwa naye. A. C. Madan wa misheni hiyohiyo aliupitia upya, kisha akatunga kamusi zake mwenyewe, ya Kiingereza kwenda Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwenda Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita alichokitumikia Krapf kikaachwa. Sababu zilikuwa kadhaa, biashara na misafara ya bara ikiwa mojawapo, lakini kuwapo kwa vitabu vya Steere na Madan katika Kiunguja kulisaidia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na mwaka 1939 zikatoka kamusi za Frederick Johnson zilizojengwa juu ya zile za Madan. Kwa hiyo mnyororo ni Steere, Madan, Johnson. Usiandike kwamba Steere alisanifisha Kiswahili. Alikuwa amekufa miaka 48 kabla ya Kamati kuundwa.

Kwa Mpemba mnyororo huu una upande mchungu. Kilichochaguliwa ni Kiunguja cha mjini. Maneno ya Kipemba mengi yalibaki nje ya mlango, na mtoto wa Micheweni akiyaandika katika insha hukatwa alama kwa kosa la lahaja. Mimi huwakata pia, kwa sababu kanuni za mtihani zinanitaka nifanye hivyo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na humo utakuta baadhi ya maneno ya visiwani ambayo kamusi za zamani zilipita bila kuyatazama.

Jambo la mwisho ni la matumizi. Kamusi ya Johnson ilipigwa chapa tena na tena kwa miongo mingi bila kubadilishwa, na nakala zake bado ziko katika maktaba za skuli zetu na katika makabati ya wazee. Ni kitabu kizuri. Lakini ukikitumia kujibu karatasi ya Kiingereza, unasoma Kiingereza cha 1939. Kwa mtu wa wakati ule “computer” alikuwa binadamu anayefanya hesabu. Basi kabla ya kunakili maana, fungua ukurasa wa mwanzo utazame mwaka. Halafu soma sentensi nzima uliyopewa katika mtihani, kwa kuwa mtahini hakuulizi neno lina maana gani duniani, anakuuliza lina maana gani katika mstari wa saba wa kifungu chake. Kwa neno la kisasa, tumia kamusi ya TUKI ya 1996 au iliyo mpya zaidi kama skuli yenu inayo.

Maswali ya kujipima

1. Krapf alifika pwani kabla ya Steere, lakini lahaja iliyosanifishwa si ya Krapf. Eleza kwa hoja tatu.

2. Kwa kutumia maneno mtumwa, mtume na utume, onesha mzizi na viambishi vilivyotumika.

3. Neno “muungwana” na neno la Kiingereza “gentle” yamebadilika maana kwa njia inayofanana. Fafanua, kisha tafuta neno jingine moja la Kiswahili ambalo wazee wa kijijini kwenu hulitumia kwa maana tofauti na yako.

4. Mwenzako ametafsiri sentensi ya Kiingereza cha 1611 na kuandika “ruhusu” mahali penye “let” yenye maana ya kizamani. Mweleze kosa lake na hatua ambayo angepaswa kuichukua.